Gari la Nagoya na karatasi ya Mzee

Mara ya mwisho niliahidi kuandika kuhusu hifadhidata, na leo nitaandika kuhusu hifadhidata, ila kwa njia ndefu kidogo inayopitia Nagoya, Dubai na Mtito Andei. Kama una chai karibu, mimina.

Jumamosi moja ya Oktoba 2024, kama saa tano usiku, niliingiza Toyota Probox nyeupe kwenye lango la korti yetu hapa Fedha. Si gari langu. Ni la dada yangu mkubwa, ambaye anasambaza sare za shule kuanzia Pipeline mpaka Utawala na alikuwa amechoka kukodisha pikapu za watu. Soja wa lango hakunisalimu kwanza. Alimulika tochi ndani, akaangalia dashibodi, ndipo akauliza: "Mdosi, hii ni ya ngapi? Na imetembea ngapi?"

Nikamjibu bila kusita: ya 2017, imetembea kilomita 88,926. Soja akacheka sana. "Ya mwaka nakuamini," akasema. "Hiyo ya kilomita tumwachie Mungu."

Ana haki ya kucheka. Kila Mkenya anajua kwamba namba ya kilomita kwenye gari la mtumba ni kama umri wa msanii. Lakini safari hii nilikuwa na uhakika, na ninataka kueleza uhakika huo ulitoka wapi. Historia yake ni ndefu na imejaa teknolojia, ingawa watu wengi hufikiri ni mambo ya madalali na mafundi tu.

Anza na majina tunayoyapa magari. Mzee wangu alikuwa na "110". Jirani yetu wa ghorofa ya pili alikuwa na "100", na mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na "NZE" aliyoipenda kuliko sisi wanafunzi. Hayo si majina ya Toyota. Kwa Toyota yote matatu ni Corolla. 100 ni AE100, 110 ni AE110, na NZE ni NZE121: vipande vya mwanzo vya namba ya chesisi. Mjapani anayeliendesha pale Chiba huenda hajui herufi hizo, lakini kondakta wa Embakasi anazijua, kwa sababu ndizo unazotaja dukani Kirinyaga Road ukitaka spea isiyokuletea shida. Yaani taifa zima, bila kusomea kompyuta, lilijifunza kuita kitu kwa ufunguo wake mkuu, ile namba ya kipekee inayotambulisha kila rekodi kwenye jedwali. Mimi nilifundishwa hilo chuoni kwa muhula mzima.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Miaka ya 1970 na 1980 gari Kenya lilikuwa kitu cha kuunganishwa hapa hapa, Thika, Nairobi na Mombasa, na serikali ililinda viwanda hivyo kwa kubana uagizaji. Dola zenyewe zilikuwa za kuombea kibali. Tulijaribu hata kutengeneza gari letu wenyewe, Nyayo Pioneer, lililozinduliwa mwaka 1990, na wazee wanaolikumbuka hawakosi kutabasamu. Mlango ulifunguka mwaka 1993, serikali ilipoondoa leseni za uagizaji na kulegeza udhibiti wa fedha za kigeni. Miaka michache baadaye Corolla za mtumba zilikuwa kila mahali, na viwanda vya kuunganisha vikabaki vikilalamika.

Kwa nini Japani na si Ujerumani? Sababu ya kwanza unaiona ukikaa ndani: Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia. Sababu ya pili ni ukaguzi wao wa lazima, shaken. Gari jipya la kibinafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi ni gharama. Gari la mizigo dogo kama Probox hukaguliwa mara nyingi zaidi, kila mwaka baada ya miaka 2 ya kwanza. Inafika mahali mwenye gari anaona afadhali auze kuliko kulipia ukaguzi mwingine, na gari lenyewe bado zima kabisa. Hapo ndipo Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia tunapoingia.

Ila miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 magari mengi hayakuja moja kwa moja. Yalipitia Dubai. Wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Pakistani, walinunua Japani na kushusha magari Dubai, na mwaka 2000 kukafunguliwa huko eneo maalumu la magari, Ducamz, pale Ras Al Khor. Fikiria kiwanja cha jangwani kilichojaa magari ya usukani wa kulia katika nchi inayoendesha kulia. Hayakuwa ya watu wa pale. Yote yalikuwa yanasubiri mtu wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala aje na pesa zake ayaguse.

Neno ni hilo, ayaguse. Mnunuzi wa enzi hizo alipanda ndege, akafungua boneti, akanusa oili, akabishana bei kwa Kiswahili cha Mombasa na Kihindi cha kuokoteza. Asiyeweza kusafiri alimtuma mtu. Mzee wangu alimtuma mtu. Mwaka 2004 mwenzake wa kazini wa zamani, aliyekuwa amegeuka kuwa mfanyabiashara wa magari, alimletea 110 kupitia Dubai. Mzee hakuona picha hata moja. Aliambiwa: ni nyeupe, ni ya 1998, ni safi. Akatoa akiba yake ya Sacco yote. Ilipofika ilikuwa nyeupe na ilikuwa safi, na mimi nikiwa mtoto wa miaka saba nililala ndani yake usiku wa kwanza, mpaka Mama alipokuja kunitoa.

Sasa turudi Japani, kwa sababu wakati sisi tunatuma watu kunusa oili, Wajapani walikuwa wameshatatua tatizo la kununua gari usiloliona. Na walilitatua kabla ya wavuti kuwepo.

Tatizo lenyewe lina jina kubwa katika uchumi. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa kwanza, na mwaka 2001 makala hiyo ikamsaidia kushiriki Tuzo ya Nobel, kwa hiyo ukikataliwa usife moyo. Hoja yake ni hii. Muuzaji anajua gari lake ni bovu au zima, mnunuzi hajui. Mnunuzi kwa woga anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona bei hiyo ni ya kumwonea, anaondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye magari mabovu, na bei inashuka tena, na hata wale wa nafuu wanaondoka. Soko linajila lenyewe, ingawa kuna watu wanaotaka kuuza na watu wanaotaka kununua, kwa sababu tu habari iko upande mmoja.

Mwaka 1985 kampuni ya Tokyo iitwayo Aucnet ilianzisha mnada wa magari usio na uwanja. Picha za magari zilitiwa kwenye diski za leza na kupelekwa kwa wenye yadi, na siku ya mnada kila mtu alibaki dukani kwake, akitazama picha na kupandisha bei kwa kompyuta iliyounganishwa kwa laini ya simu. Mwaka 1989 wakaanza kurusha picha kwa setilaiti. Mnada wa mtandaoni, mwaka 1985! Lakini diski na setilaiti si sehemu ninayoipenda zaidi. Ninayoipenda ni kwamba mtu hawezi kupandishia bei gari asiloliona mpaka awepo mtu asiye muuzaji aliyelikagua na kuliandika kwa lugha ambayo wote wanaielewa. Kwa hiyo wakaguzi wao walilikagua kila gari kabla ya mnada na kulifupisha kuwa namba moja, 1 hadi 10. Mtafiti Ho Geun Lee alipochunguza mnada huo, katika makala ya 1998, alikuta magari yanauzwa kwa bei ya juu kuliko kwenye minada ya kawaida ya uwanjani. Watu walilipa zaidi kwa gari wasiloligusa, kwa sababu waliiamini karatasi.

Karatasi ya namna hiyo ndiyo inayotumika leo katika minada yao mikubwa, na kila gari hupata yake. Juu kulia kuna gredi: 5 ni kama jipya, 4 ni zuri, 3.5 lina makovu ya maisha, na R au RA ni lililogongwa likatengenezwa. Kando yake kuna herufi ya ndani ya gari, A hadi D. Chini kuna mchoro wa gari lililokunjuliwa kama boksi la viatu, na juu ya mchoro mkaguzi anaandika alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kila herufi na namba yake ya ukubwa. A1 huioni mpaka uinamishe kichwa, A3 unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Mimi kama mtu wa programu nikiiona karatasi hiyo natamani kusimama nipige makofi. Ni mgandamizo wa data. Tani moja ya chuma imebanwa ikawa ukurasa mmoja, imepoteza mambo mengi, lakini haijapoteza yale ambayo mtu wa Fedha angegombania.

Sisi tulichelewa kuipata kwa sababu ya waya. Kampuni za Japani zilizouza nje zilikuwepo. SBT ilianza 1993, Be Forward ilianza 2004, na baadaye tovuti zao zikajulikana Kenya kuliko tovuti za wizara. Lakini nani alikuwa na intaneti ya kuzifungua? Nakumbuka saiba ya hapa karibu na Taj (jengo lilibomolewa mwaka 2018, ila steji bado tunaiita Taj), shilingi moja kwa dakika, ambapo picha moja ya gari ilishuka polepole kutoka juu: kwanza anga, halafu paa, halafu kioo, na pesa zako zikaisha kabla hujafika kwenye bampa. Intaneti yetu ilikuwa ikitegemea setilaiti. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulitua Mombasa ukitokea Fujairah, Falme za Kiarabu, na SEACOM ukawashwa mwaka huo huo. Zingatia huo wa kwanza ulitokea wapi. Ulipita baharini karibu njia ile ile iliyoleta 110 ya Mzee. Kuanzia hapo mtu wa kawaida aliweza kufungua picha ishirini za gari lililo Yokohama, na safari ya Dubai ikaanza kupoteza maana.

Ungedhani hapo tatizo la Akerlof limekwisha Kenya. Halijakwisha, na tulijifunza hilo kwa pesa zetu.

Mapema 2024 dada yangu hakutaka mambo ya Japani. Alitaka gari aligusalo, leo, kwenye yadi. Akapata Probox ya fedha katika yadi moja mjini, kilomita 71,000 kwenye dashibodi, viti vimeng'arishwa mpaka vinateleza. Akaweka shilingi 50,000 ili wasiliuze. Jioni akanitumia picha, na katika moja ya picha hizo bamba la chesisi lilionekana. Nikalipia dola chache kwa huduma inayotafuta karatasi za mnada kwa namba ya chesisi, na nusu saa baadaye karatasi ikafika: gari lile lile, mlango ule ule wenye kovu, mnada wa mwaka uliotangulia. Kilomita 163,000.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kumpigia. Ni vigumu kumwambia mtu mwenye furaha habari kama hiyo. Alichukia, kwanza mimi, halafu yadi. Walimrudishia 30,000 na kumwambia hizo nyingine ni za "kuhifadhi". Angalia ukweli ulipopotea. Haukupotea baharini. Gari lilisafiri kutoka Japani hadi Mombasa na namba yake sahihi, likakaguliwa, likalipiwa ushuru, na mahali fulani katika kilomita mia tano za mwisho mtu akarudisha dashibodi nyuma na kuiweka karatasi pembeni. Japani mnunuzi wa mnadani haangalii gari bila karatasi. Huku kwetu karatasi huishia kwa muagizaji, na mnunuzi wa mwisho anaonyeshwa viti vinavyong'aa.

Basi tukaagiza wenyewe. Sheria ya umri iko kwenye kiwango cha KS 1515 cha KEBS: gari lisizidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Kwa mwaka 2024 hiyo ilimaanisha 2017 kuja mbele. Kila usiku dada alinitumia magari, na kila usiku nikamjibu "leta karatasi kwanza", mpaka akaanza kuniita Bwana Karatasi. Hatimaye tukakubaliana juu ya moja kwenye mnada wa Nagoya. Gredi 3.5, ndani C, kilomita 88,412, W2 mlango wa nyuma, U1 bampa, na chini maneno ya mkono ambayo kamera ya simu ilitafsiri kuwa "harufu ya sigara". Nikafurahi. Mtu anayekuandikia harufu ya sigara hana sababu ya kukuficha kilomita.

Japani wako mbele yetu kwa saa 6. Mnada wa saa nne asubuhi kwao ni saa kumi alfajiri kwetu, kwa hiyo tuliketi mezani kwa Mzee na kahawa, wakala wetu akibonyeza kule Nagoya. Hata nusu dakika haikuisha. Dada aliuliza, "Wameanza?" nami nikamwambia, "Wamemaliza, ni lako." Mzee, aliyeamka kusali, alisimama mlangoni akatutazama.

"Pesa mnatuma leo?"

"Leo, Baba. Kupitia benki."

"Kwa mtu mnayemjua?"

"Kwa kampuni. Tuna karatasi."

"Mimi nilimjua mtu," akasema. "Nyinyi mnajua karatasi." Akarudi chumbani.

Sitawachosha na wiki sita za kusubiri. Fahamu tu kwamba meli za magari, zile ambazo gari huendeshwa kuingia na kuendeshwa kutoka, hushushia Mombasa. Bandari ya nchi kavu ya Embakasi, iliyofunguliwa 1984, iko karibu sana na kwetu, lakini hiyo ni ya makontena. Kwa hiyo gari la mtu wa Fedha linashushwa karibu kilomita mia tano kutoka Fedha.

Na ushuru, ambao unashangaza wengi, hauangalii ulilipa kiasi gani. KRA wana orodha yao ya bei ya kila gari likiwa jipya, wanapunguza kwa umri, wanapata thamani yao. Kisha hesabu inapanda ngazi. Tuseme thamani ni 100. Ushuru wa forodha wa 35% unaifanya 135. Ushuru wa bidhaa, 20% kwa injini isiyozidi sisi 1,500, unahesabiwa juu ya 135, si juu ya 100, inakuwa 162. VAT ya 16% juu ya hiyo, inakuwa 187.92. Hapo bado ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Kodi inatozwa kodi, na kodi hiyo inatozwa kodi tena. Dada aliiangalia hesabu hiyo akaniuliza kama nimekosea mabano.

Nilikosea kwingine, na hili ni la waandishi wa programu wenzangu. Nilimtengenezea dada kijiprogramu cha kuhifadhi hati za gari, na data za Japani zikanivunjia kila kitu. Namba ya chesisi kwanza. Nilikuwa nimeweka herufi 17, kama zilivyo Marekani tangu 1981. Gari lililouzwa ndani ya Japani halina 17. Lina namba ya fremu: NCP160, kistari, kisha tarakimu saba. (Tovuti moja ya bima nayo ilinigomea kwa sababu hiyo hiyo, nikajua si mimi peke yangu.) Halafu tarehe. Hati za Kijapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Heisei ilianza 1989, kwa hiyo unajumlisha 1988. Reiwa ilianza 1 Mei 2019, unajumlisha 2018. Gari letu lilisajiliwa mara ya kwanza Heisei 29. 29 na 1988 ni 2017. Programu yangu ilisoma 29 ikaandika 2029, gari ambalo halijazaliwa.

Mombasa niliikuta Probox kwenye kituo cha makontena, vumbi tupu, harufu ya sigara ipo kama ilivyoandikwa. Dashibodi: 88,431. Kilomita 19 zaidi ya karatasi, ambazo ni za kuzungushwa bandarini na uwanjani. Nikaondoka alfajiri ya siku iliyofuata, lakini nyuma ya malori ya Mariakani na Mackinnon Road hakuna cha alfajiri. Nililala usingizi wa saa mbili kituo cha mafuta Mtito Andei, nikala nyama Emali, nikafika Mlolongo giza limeshaingia. Kilomita 495. Jumlisha mwenyewe, utapata ile namba iliyomchekesha soja.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini Jumapili Mzee alikuja kuliona gari. Alilizunguka mara mbili, akagusa mlango wa W2, akaomba aone hiyo karatasi. Nikamweleza alama zote. Nikamwonyesha pia cheti cha Japani cha kufuta usajili ili gari liuzwe nje, na jinsi ya kusoma mwaka: hii ni Heisei, hii ni 29, jumlisha. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea. Kisha akaenda chumbani akarudi na ule mkoba wa ngozi wa hati za shamba na vyeti vyetu vya kuzaliwa, akatoa nakala iliyokunjwa mara nne, wino umefifia.

"Na hii je?"

Ilikuwa nakala ya hati ya Kijapani ya 110. Ilikaa kwenye mkoba huo miaka 20 na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuisoma, kwa sababu nani angeisoma? Nikatafuta sanduku la usajili wa kwanza. Alama mbili za Heisei, na baada yake tarakimu moja: 8.

Nikahesabu kimoyomoyo, nikahesabu tena kwenye simu. 1988 na 8. Elfu moja mia tisa tisini na sita.

Kitabu cha gari kilisema 1998. Mzee aliambiwa 1998, alilipa bei ya 1998, alitusimulia ya 1998. Sijui kama rafiki yake alidanganya, au kama mtu fulani njiani, Dubai au Mombasa, aliiona ile 8 peke yake akaielewa kama sote ambavyo tungeielewa, tisini na nane. Kwa programu yangu iliyoandika 2029 siwezi kumrushia mtu jiwe. Nilimweleza Mzee yote mawili.

Hakuuliza juu ya rafiki yake. Alikaa kimya akiikunja karatasi kwenye mikunjo yake ya zamani.

"Ile gari niliiuza 2016," akasema.

"Nakumbuka, Baba."

"Kwa yule fundi wa mabomba wa Tassia. Aliniuliza ni ya ngapi. Nikamwambia tisini na nane, nikamwonyesha na kitabu." Akatoa simu, akatafuta jina, akalipata. "Bado anaiendesha. Nilimwona nayo Krismasi."

Akaliangalia jina hilo kwa muda, kisha akaniuliza kama ninaweza kumtolea nakala ya ile karatasi, moja iwe kubwa, ile 8 ionekane vizuri.